Eksosomu na ubongo uliokosa damu

Bonge la damu likiziba mshipa mkubwa wa ubongo, yaani kiharusi, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na wagonjwa wengi hufika hospitali muda huo umeshapita. Kwa ajili yao, watafiti waligeukia seli shina za uboho.

Panya waliosababishiwa kiharusi kisha wakadungwa seli hizo walipata nafuu. Ajabu ni kwamba seli zenyewe nyingi zilinaswa kwenye mapafu, zikafika kichwani chache mno. Basi ubongo ulisaidiwa na nini?

Kwa sehemu kubwa, na eksosomu: vifuko vyenye utando wa mafuta, vya nanomita 30 hadi 150, ambavyo karibu kila seli huvitoa. Vilipogunduliwa mwaka 1983 kwenye chembe changa nyekundu za damu, vilidhaniwa kuwa njia ya kutupa taka. Mwaka 2007 watafiti wa Gothenburg, Sweden, wakaonyesha kuwa vimebeba RNA, yaani maagizo ambayo seli nyingine huyapokea na kuyatekeleza.

Mwaka 2013 Hongqi Xin, Michael Chopp na wenzao wa Detroit waliziacha seli, wakawadunga panya eksosomu za seli hizo peke yake, saa 24 baada ya kiharusi. Mishipa mipya ya damu ilichipua, nyuzi za neva zikaongezeka, panya wakatembea vizuri zaidi. Sehemu ya kazi hiyo hufanywa na mikroRNA-133b, kipande kifupi cha RNA: ikiingia kwenye astrosaiti, seli zinazozihudumia neva, hupunguza protini inayochochea kovu, na nyuzi zikapata njia ya kukua. Kwangu hili ndilo jambo kubwa, kwamba hata siku moja ikishapita ubongo bado hupokea maagizo ya kujijenga.

Ugumu uko njiani. Eksosomu nyingi zinazodungwa huishia kwenye ini na wengu. Mwaka 2011 kundi la Matthew Wood, Oxford, lilizivisha kipande cha protini ya kirusi cha kichaa cha mbwa, ambacho hushikamana na seli za neva, zikafikisha mzigo wake kwenye ubongo wa panya.

Kwa binadamu, bado ni majaribio. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya baada ya wagonjwa jimboni Nebraska kudhurika kwa bidhaa za eksosomu zisizoidhinishwa. Anayekuuzia sindano hiyo leo kama tiba ya kiharusi anakuuzia kitu ambacho hakijathibitishwa. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo.