Gari la Umeme Hula Uniti Ngapi? Hesabu ya Tangazo na Hesabu ya Barabarani

Gari la umeme si kitu kigeni tena katika miji yetu ya pwani. Bandari ya Mombasa ndiyo mlango unaopitisha magari yaliyotumika kutoka Japani, na miongoni mwa magari hayo sasa yamo yasiyokuwa na injini wala tangi la mafuta. Vijana wanawaambia baba zao kwamba petroli imekuwa ghali na kwamba gari la umeme "halili kitu". Wazazi nao wanauliza, na wana haki ya kuuliza, kwa kuwa fedha inayonunua gari aghalabu ni akiba ya miaka mingi, na mara nyingine ni fedha ya kiwanja kilichouzwa au ya dhahabu ya mama iliyotolewa sandukuni. Kwa ajili hiyo tumeona ni vyema tuieleze hesabu ya gari hili kama ilivyo barabarani, bila ya kuipamba.

Tuanze na kipimo. Nyumba zetu zimezoea kununua tokeni za umeme, na kila mama wa nyumba anajua uniti moja ni nini. Uniti hiyo ndiyo kilowati-saa moja, na ndicho kipimo kile kile kinachotumika katika gari la umeme. Gari linaloelezwa kuwa na betri ya kilowati-saa 40 ni gari linaloweza kubeba uniti 40. Lita moja ya petroli nayo imebeba nguvu inayokaribia uniti 9. Gari dogo la petroli linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 kwa hivyo linachoma nguvu sawa na uniti 72. Gari la umeme la ukubwa huo huo huenda masafa hayo kwa uniti zinazokaribia 18 au 19.

Sababu ya tofauti hii haina siri. Injini ya petroli ni jiko kabla ya kuwa mtambo wa kusukuma. Sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta hugeuka joto, likatokea kwenye rejeta na bomba la moshi, na kinachofika kwenye magurudumu mara nyingi hakizidi robo au thuluthi. Mota ya umeme haichomi kitu, nayo hupeleka kwenye magurudumu zaidi ya robo tatu ya umeme uliotoka ukutani. Tena dereva anapoondoa mguu ili apunguze mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta na kuirudishia betri sehemu ya nguvu ambayo katika gari la kawaida ingepotea kwenye breki.

Hadi hapa, kijana amesema kweli. Tatizo huanza pale tangazo linapotaja masafa.

Gari moja, masafa matatu

Tuchukue Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40, gari lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2017. Kwa kipimo cha Kijapani cha wakati huo, kiitwacho JC08, gari hili lilitangazwa kuwa linakwenda kilomita 400 kwa chaji moja. Kwa kipimo cha Ulaya, WLTP, likaandikiwa kilomita 270. Idara ya mazingira ya Marekani ikaliandikia maili 151, ambazo ni kilomita 243. Gari ni lile lile na betri ni ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kupima. Kipimo cha JC08 kilikuwa cha mwendo wa taratibu wa mjini, na cha Ulaya hufanywa ndani ya chumba cha majaribio chenye joto la nyuzi 23, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Nyuzi 23 ni hewa ambayo Mombasa huionja zaidi usiku na alfajiri.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo safarini. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120, kwenda na kurudi ni 240. Aliyesoma kilomita 400 katika tangazo ataipakia familia kwenda harusini Malindi bila wasiwasi wowote. Kwa kipimo cha Marekani, atafika nyumbani akiwa amebakiwa na kilomita 3. Na ikiwa betri imeshachakaa na kupoteza asilimia 15 ya nguvu zake, masafa yake ni kama kilomita 207, na gari litazimika kati ya Kilifi na Mtwapa, usiku, lina watoto ndani. Dereva mtulivu anaweza kupata zaidi ya hapo, lakini si busara kuijenga safari ya familia juu ya "huenda".

Yanayokula umeme barabarani

La kwanza ni kasi. Nguvu ya upepo unaolikabili gari haiongezeki sawasawa na mwendo, bali huongezeka kwa mwendo uliozidishwa kwa nafsi yake. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, upinzani wa upepo unakaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana gari la umeme hula kidogo mjini na hula sana katika barabara kuu, kinyume cha tulivyozoea katika gari la petroli. Anayeona chaji inampungukia na safari bado ipo, dawa yake ya kwanza ni kupunguza mwendo.

La pili ni kiyoyozi, na hili linatuhusu sana watu wa pwani. Tuseme kiyoyozi kinatumia uniti moja kwa saa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kitakula uniti moja na robo katika kila kilomita 100, na hilo si kubwa. Lakini katika msongamano wa kungojea kivuko cha Likoni, mwendo ukiwa wa wastani wa kilomita 20 kwa saa, kiyoyozi hicho hicho kitakula uniti 5 katika kila kilomita 100. Kiyoyozi huhesabu saa, hakihesabu kilomita. Walio katika nchi za baridi wana mtihani mkubwa kuliko wetu. Huko Norwei, ambako magari mengi mapya yanayouzwa sasa ni ya umeme, majira ya baridi hupunguza masafa ya gari kwa kiasi cha kuonekana wazi, kwa kuwa betri huzubaa kwa baridi na abiria huhitaji kupashwa moto.

La tatu ni mlima. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuinua gari lenye abiria, uzito wa kilo 1,700, hadi kimo hicho kunahitaji karibu uniti 8 zaidi ya zile za mwendo wenyewe. Anayepanda kutoka Mombasa hulipa deni hilo, na anayeteremka hurejeshewa sehemu yake. Kwa hivyo mtu asipime gari kwa safari ya kuteremka peke yake kisha akajisifu.

La nne ni tairi zisizokuwa na upepo wa kutosha, na mizigo iliyofungwa juu ya paa. Haya ni mambo madogo, lakini ni ya kila siku.

Umeme unaopotea kabla ya safari

Yako matumizi ambayo dashibodi haiyaonyeshi. Umeme unapoingia kwenye betri, sehemu yake hugeuka joto njiani. Betri ya uniti 40 iliyoisha kabisa hudai takriban uniti 45 kutoka ukutani, na tokeni hukatwa kwa zile 45. Mwenye kuhesabu gharama kwa kusoma dashibodi anajipunja. Na kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, kujaza kiasi hicho huchukua saa 15 au zaidi, nyaya zikiwa zimebeba mzigo mkubwa muda wote huo. Katika nyumba zetu kongwe, fundi wa umeme mwenye leseni aitwe kwanza azikague nyaya kabla ya gari kuchomekwa.

Hata hivyo, hesabu ya fedha bado inalipendelea gari la umeme. Tuchukue kwa mfano petroli ya shilingi 180 kwa lita na umeme wa shilingi 30 kwa uniti. Gari la petroli la lita 8 litatumia shilingi 1,440 kwa kilomita 100, na la umeme, kwa uniti 19 za ukutani, litatumia shilingi 570. Msomaji aweke bei za siku yake mahali pa hizi zetu, njia ya hesabu ni hiyo hiyo. Na kwa kuwa sehemu kubwa sana ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji ya mto Tana na upepo wa Turkana, gari hilo halihamishi tu moshi kutoka barabarani kwenda kwenye mtambo wa mbali.

Betri na joto letu

Faida yote hiyo inasimama juu ya afya ya betri. Betri ya Leaf hiyo haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto ndilo adui yake mkubwa. Mwaka 2012 wamiliki wa jimbo la Arizona, Marekani, ambako jua ni kali, walilalamika kuwa betri zao zilikuwa zikipungua upesi, na kampuni ikalazimika kupanua dhamana yake. Kwa hivyo anayenunua gari lililotumika asitosheke na ung'aavu wa rangi. Aangalie vijistari 12 vilivyo pembeni mwa kipimo cha chaji. Kistari cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze takriban asilimia 15, maana yake gari lenye 11 limeshapungukiwa kwa kiasi hicho. Likishanunuliwa, liegeshwe kivulini, wala lisiachwe juani siku nzima likiwa limejaa chaji.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tunamshauri kila mwenye gari la umeme, au anayekusudia kulijaribu kabla ya kununua, afanye hivi kwa wiki moja: aandike kilomita za gari, aandike uniti zilizosomwa kwenye mita ya nyumba kabla na baada ya kila kuchaji, kisha agawanye uniti kwa kilomita na kuzidisha kwa mia. Akipata 16, anaendesha vizuri. Akipata 19, ni kawaida. Akipata 24, atazame mwendo wake, tairi zake na kiyoyozi chake. Kisha apange safari zake zote kwa hesabu ya daftari lake, na kila safari ndefu aiachie akiba isiyopungua robo ya betri. Kwa nyumba ambayo safari zake ni za shule, sokoni, kazini na kuwatazama wazee mitaani, gari hili linaweza kuipunguzia familia mzigo mkubwa. Kwa ambaye riziki yake ni safari za Nairobi kila wiki, betri ya uniti 40 haimfai, na ni heri alijue hilo kabla ya kutoa fedha.