Betri nyingi za sola hazifi kwa uzee, zinakufa kwa njaa na kiu

Leo tuweke mbegu na mbolea pembeni tuongelee betri. Kila nikivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani nakutana na swali lilelile: "Bwana shamba, mbona betri yangu haifiki saa nne usiku?" Taa ya banda la kuku, redio, simu, taa za wavuvi wa dagaa, vyote vinaitegemea. Ikikata moto, hela ya kununua nyingine inatoka kwenye mfuko uleule wa chakula cha kuku na ada ya watoto.

Nazungumzia betri za maji, zile za risasi na asidi zenye vifuniko sita juu.

Njaa: usiimalize

Betri ikikaa bila chaji, mabamba ya risasi ndani yanajenga ukoko mgumu. Ukikomaa, hata uchaji wiki nzima haujai tena. Ndiyo maana betri iliyowekwa stoo miezi miwili ikiwa tupu unaikuta imekufa.

Kanuni yangu ni nusu: tumia nusu, rudisha chaji siku hiyohiyo. Piga hesabu. Betri ya volti 12 na Ah 50 ina wati-saa 600, hivyo nusu ni 300. Taa ya wati 10 kwa saa 6 inakula 60. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 inakula 160. Jumla 220, hapo uko salama. Ukiongeza televisheni ya jirani, umeshavuka.

Pima kwa mita betri ikiwa imepumzika saa chache, haichajiwi wala haitumiki. Volti 12.6 hadi 12.7 imejaa. Volti 12.2 imebaki nusu, zima vitu. Kontrola ya chaji isikosekane. Usiunge paneli moja kwa moja kwenye betri.

Betri ya gari ni ya kuwasha injini, inatoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Ukiifanyisha kazi ya usiku kucha itachoka mapema. Kama uwezo upo, nunua ya sola.

Kiu: maji gani?

Fungua vifuniko kila mwezi. Mabamba yafunikwe na maji, yapite juu yake kama sentimita moja. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa tu, tena baada ya kuchaji, kwa sababu yakichajiwa yanapanda. Ila ukikuta mabamba yako wazi, yafunike kwanza ndipo uchaji.

Usitie maji ya kisima, yana chumvi na madini yanayoharibu mabamba. Usiongeze asidi pia. Kinachopungua kwenye betri ni maji, asidi inabaki humo humo.

Hewa ya bahari

Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa, chaji haipiti vizuri. Tenganisha waya hasi kwanza, kisha chanya. Hakikisha vifuniko vimefungwa, osha kwa magadi na maji, kausha, paka grisi. Ukirudisha, anza na chanya.

Kuchaji kwa fundi

Mwambie asiharakishe. Betri ya Ah 50 inatosha ampea 5 hivi. Wakati wa kuchaji inatoa gesi inayolipuka, kwa hiyo iwe penye hewa, mbali na jiko na sigara. Kwenye mashua isimame wima. Asidi ikiingia machoni, osha kwa maji mengi dakika 15 na zaidi, kisha wahi zahanati.

Ikifa kabisa

Usimwage asidi karibu na kisima wala bustani, na usiyeyushe risasi nyumbani kutengeneza vyuma vya nyavu. Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walipata sumu ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, watoto wakiwemo. Phyllis Omido aliyewapigania alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Rudisha betri nzima kwa muuzaji au mnunuzi wa chakavu, upate chochote.

Jioni ya leo kagua maji na volti. Ukikwama, niandikie hapo chini, utaje Ah ya betri na wati za paneli yako.