PENYE WAJENZI HAPANA MITI

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Walikuwa wakiisikitikia neema iliyokosa mwenye kuitumia: mwitu umejaa boriti na fito, na fundi wa kusimamisha nyumba hayupo. Lau wangefufuka leo wakatembea kutoka Likoni hadi Malindi, wangeikuta methali yao imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Wajenzi wamekuja, tena tele, na matingatinga yao na malori yao ya kokoto. Kinachokosekana sasa ni miti.

Mji wa Mombasa, msomaji, ulijiandikia historia yake kwa majina ya miti. Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Mwembe Tanganyika, Mwembe Legeza: kote huko mti ndio uliokuwa alama ya njia na mahali pa watu kukutania. Vuka daraja la Nyali upate Mkomani, jina la mkoma. Na Mbuyuni ni ngapi katika pwani hii, nani atazihesabu? Chini ya miti hiyo watu walipangana safari, walisuluhishana, waliuza samaki na mahamri, na watoto walicheza hadi adhana ya magharibi. Majina yamebaki. Lakini mwambie kijana wa leo akuonyeshe mwembe wenyewe, umwone atakavyobabaika.

NYUMBA TWAZIHITAJI

Tusije tukaeleweka vibaya. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema nyumba zisijengwe. Watu wamezidi, vijana wanaoa, kodi zinapanda kila uchao, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Serikali ilijiwekea shabaha ya nyumba 200,000 za bei nafuu kila mwaka, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikapitishwa mwaka 2024. Hapa Mombasa mtaa mkongwe wa Buxton ulibomolewa mwaka 2021 ili majumba ya ghorofa yainuke mahali pake.

Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe miti inafunika si chini ya asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Serikali hiyo hiyo, Desemba 2022, ilitangaza mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Na tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili watu wakapande miche. Hapo ndipo penye kitendawili: siku ya sikukuu twapanda mche wenye kimo cha shubiri, na siku ya kazi twaangusha mti waliokaa chini yake babu zetu. Ni mwenye duka gani aliyeendesha biashara namna hii akafika mbali?

Mkandarasi atakwambia, "Msijali, tutapanda mingine." Maneno hayo ni matamu, ila tuyapime. Mwembe wa kokwa hukaa miaka mitano, sita au zaidi ndipo uzae, na kivuli cha kutandika jamvi la watu kumi huja baadaye sana. Mbuyu ndio usiseme. Hata mbuyu ulianza kama mchicha, ni kweli, lakini iko mibuyu kusini mwa Afrika ambayo wataalamu wameipima wakaona imepita miaka 2,000. Kumi ya mchicha haiwi mmoja wa mbuyu, si leo wala si maishani mwa mjukuu wako.

MTI HUFA KIMYA

Wengi wetu hudhani mti huuawa kwa shoka tu. La hasha. Katika viwanja vya ujenzi miti mingi hufa bila kuguswa na shoka hata mara moja.

Siri iko chini ya ardhi. Mizizi ya mti haishuki yote kama msumari. Mingi hutambaa kwa upana, na sehemu kubwa yake imo katika futi mbili za juu za udongo, tena huenda mbali kupita kivuli cha matawi. Na pwani yetu, ambako mahali pengi udongo ni ganda jembamba juu ya mwamba wa matumbawe, mizizi mara nyingi haina pa kuzamia hata ikitaka.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda. Lori hupita na kupita chini ya mti, udongo ukashindiliwa hata ukawa kama sakafu, hewa na maji visipate njia. Simiti huchanganywa pale pale kwa sababu pana kivuli, na maji yake, makali kama magadi, hunywewa na ardhi. Mtaro wa bomba huchimbwa hatua mbili kutoka shinani, ukakata mizizi ya upande mzima. Kifusi hurundikwa hadi shina limezikwa magotini. Kisha huja fundi akapigilia misumari ya kushikia waya wa taa.

Hakuna aliyeukata mti. Nyumba zikimalizika, mti ungali na majani, na picha hupigwa ili wanunuzi wavutiwe. Miaka miwili au mitatu baadaye ncha za juu huanza kukauka. Watu watasema mti umezeeka, na wengine watasema umepigwa na jicho. Haukuzeeka wala haukupigwa na jicho. Uliuawa siku ya kuchimba msingi, na maziko yake ndiyo yaliyochelewa.

KAMBA MARA NNE

Kinga ya balaa hili si elimu ya ajabu. Uingereza iko kanuni ya wajenzi, iitwayo BS 5837, inayosema kwamba eneo la kuhifadhiwa kuuzunguka mti lipimwe mara 12 ya kipenyo cha shina, na lisizidi mita 15 kutoka shinani. Asiyependa hesabu aweza kutumia kamba. Izungushe kamba kwenye shina usawa wa kifua, uikate hapo inapokutana, kisha uipime mara nne kutoka shinani kwenda nje. Hapo ndipo pa kusimamisha ua. Mwembe wenye mzingo wa mita 2 utataka karibu mita 8 kila upande.

Ua huo uwekwe kabla tingatinga halijaingia. Ukiwekwa baadaye ni pambo tu. Ndani yake hapaingii lori, wala simiti, wala kifusi, wala choo cha mafundi, wala moto wa kupikia ugali wao. Bomba likilazimika kupita, lichimbiwe kwa mkono na lipitishwe chini ya mizizi minene bila kuikata. Kimo cha udongo kisipandishwe wala kisishushwe. Tawi linaloingia njiani likatwe kwa msumeno na mtu ajuaye kazi hiyo, si kwa panga la yeyote aliye karibu. Na kaskazi ikikaza, joto likapanda na mvua ziko mbali, mti upewe maji, maana tumekwisha kuupunguzia pa kunywea.

Lakini ulinzi mkubwa hufanyika kabla ya jembe la kwanza. Mchora ramani apewe kiwanja pamoja na hesabu ya miti iliyomo: upi ni upi, uko wapi, una afya gani. Kuisogeza nyumba mita tatu katika karatasi ni kazi ya kifutio. Kuisogeza ikisha simama haiwezekani. Kisha kila mti uandikwe nambari, uthaminiwe kwa shilingi, na mkataba useme wazi mkandarasi atalipa nini ukifa. Faini isiyoandikwa haidaiwi.

Kwa upande mwingine, mgala muue na haki yake mpe. Si kila mti utabaki. Uko uliooza ndani, uko ulioegemea njia ya watoto, uko ulioota penye kiini cha jengo. Huo ukatwe, tena mapema na kwa sababu iliyotajwa mbele ya watu. Tunachokikataa ni kusawazisha kiwanja kizima kama sinia, ati kwa kuwa ni rahisi kwa dereva wa tingatinga.

HOFU ILIPOONDOKA

Zamani mbuyu haukuhitaji ua wa mabati. Ulizungushiwa ua wa hofu. Mti ule una wenyewe, watu waliambizana, na hakuna aliyethubutu kuupelekea shoka bila kuwaza mara saba. Ndugu zetu Wamijikenda nao walikuwa na miko ya wazee wao, na ni miko hiyo iliyoihifadhi misitu ya kaya hata mwaka 2008 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia.

Hatuko hapa kutetea habari za majini ya mbuyuni. Lakini ukweli ni kwamba hofu ile ilipoondoka, hatukuweka kitu mahali pake. Mwaka 2022, katika Kaunti ya Kilifi, mibuyu iling'olewa mizima mizima ipelekwe Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, ikapandwe katika bustani huko. Makelele yalipozidi, Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliamuru uchunguzi ufanywe. Mti ambao bibi zetu waliogopa hata kuupita usiku, ulilazwa juu ya lori mchana kweupe.

Mahali pa hofu hapana budi kukaa sheria. Nayo ipo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ndiyo iliyoiunda mamlaka ya NEMA, na inataka miradi mikubwa ichunguzwe kwanza itaathiri vipi mazingira, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni yao. Tatizo ni kwamba nafasi hiyo hupita nasi tumelala. Twaamka siku ya msumeno, na siku hiyo majuto ni mjukuu.

Na tusiambiwe kwamba haiwezekani. Pwani ya Mama Ngina, pale karibu na kivuko cha Likoni, ilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, na mibuyu ikabaki imesimama. Leo ndiyo inayowapa kivuli waendao kupunga upepo na kutafuna viazi vya karai. Nairobi, mwaka 2020, barabara kuu ya juu ilipokuwa ikijengwa kupitia Westlands, mgumo mmoja mkubwa ulikuwa uondolewe. Watu walilalamika, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri usiguswe. Barabara ilipita, na mti ukabaki. Kumbe palipo na nia hupatikana nafasi.

MKUNAZI NA HESHIMA YETU

Kwa sisi watu wa pwani jambo hili lina mlango wa pili. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Imo katika Bukhari na Muslim. Basi tufikiri: mzee aliyepanda mwembe ule uliomo kiwanjani amekwisha kufa, na sadaka yake ingali ikienda. Anayeuangusha bila haja ameikata sadaka hiyo njiani. Si jambo dogo hilo, hasa katika ardhi za wakfu, ambazo msingi wake wote ni kheri isiyokatika.

Chukua mkunazi. Maiti akioshwa kwetu hutafutwa majani ya mkunazi, kwa kufuata alivyoelekeza Mtume (S.A.W.) wakati wa kuoshwa binti yake. Na katika Sunan ya Abu Dawud imo hadithi inayomwonya vikali mwenye kukata mkunazi. Abu Dawud mwenyewe akaeleza kwamba makusudio ni mkunazi wa nyikani unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, ukakatwa bure pasipo haki. Sasa katika mitaa yetu mipya yenye sakafu ya matofali kila pembe, msiba ukiingia usiku, kina mama watakwenda kuyachuma wapi majani hayo?

Jua la Februari nalo halichagui. Ghorofa ya simiti isiyo na mti ubavuni huota jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Mwenye uwezo atanunua mashine ya kupoza hewa na kulipa bili ya stima. Na yule aliyepewa nyumba ya bei nafuu? Kwake mti ndio mashine yake, na haumdai senti mwisho wa mwezi. Mtaa wa maskini ukinyimwa kivuli, bei nafuu hiyo imeongezwa kwa mlango wa nyuma.

Basi, msomaji, ukiona mabati yamezungushwa kiwanja cha mtaani kwenu, usiishie kuuliza nyumba zitauzwa kiasi gani na nani atapata. Nenda na jirani zako, na imamu wenu, na mzee wa mtaa, mkaulize mambo matatu: miti iliyomo humu ni mingapi, itakayobaki ni ipi, na ua wake utawekwa lini. Mkijibiwa kwamba ua utawekwa baada ya msingi, rudini kesho yake na kamba yenu mkaipime mara nne mbele ya mkandarasi. Kamba haina gharama, na siku hiyo mti bado umesimama.