Maonyesho ya Makumbusho na Mafunzo ya Lugha

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwalimu wa lugha anavyopaswa kuwapendekezea wanafunzi wake maonyesho ya sanaa na utamaduni. Aghalabu mapendekezo yetu huishia katika kutaja mahali na saa za kufunguliwa. Hayo hayatoshi, kwani mwanafunzi huweza kuona vitu vingi na asirudi na neno hata moja.

Tuchukue mfano wa makumbusho ya Fort Jesus, mjini Mombasa. Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Tangu 1895 hadi 1958 ilitumiwa na serikali ya kikoloni kuwafungia wahalifu, na baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho. Neno gereza, ambalo lilikuwamo katika Kiswahili kabla ya matumizi hayo, huhusishwa na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Mwanafunzi asomaye hayo darasani hushangaa jinsi kanisa lilivyogeuka kifungo. Lakini ndani ya ngome yamo mabaki ya kanisa la Wareno, yamezungukwa na kuta nene za askari na mizinga. Hapo yafahamika jinsi jina la nyumba ya ibada lilivyoweza kuwa jina la boma zima, kisha la mahali pa wafungwa. Kamusi humpa mwanafunzi asili ya neno. Ngome humwonyesha njia ambayo huenda neno hilo lilipitia.

Hata hivyo, maonyesho huweza pia kuficha maana. Vigango vya Wamijikenda, hasa Wagiriama, huchongwa na kusimikwa kwa ajili ya wazee marehemu wa chama cha Gohu. Vingi viliibwa, vikauzwa ng'ambo na kuonyeshwa kuwa kazi za sanaa tu. Mwaka 2007 viwili vilirejeshwa Kenya kutoka makumbusho ya Marekani. Kibandiko kisemacho "sanamu ya mbao" hakikosei juu ya mti, bali hukosea juu ya mtu: kwa jamaa zake, kigango ni mzee wao aliyesimikwa, naye hapaswi kuondolewa mahali pake. Tafsiri ya namna hiyo humrahisishia mwizi kazi yake.

Kwa hiyo yafaa mwanafunzi aende na maswali matatu. Wenyewe hukiitaje kitu hiki? Ni vitenzi gani huandamana nacho: husimikwa, hupigwa, hufukwa, hushonwa? Tena kilifikaje hapa, na kwa ridhaa ya nani? Akirudi, majibu ayapeleke kwa wazee wanaokijua kitu hicho, wayasahihishe. Kazi hii haifai kuahirishwa. Mbao hutiwa dawa zikadumu miaka mingi, lakini msamiati usiorithishwa huondoka na wazee wanaoujua, na kitu hubaki nyuma ya kioo bila jina lake.