Mashine ya CD4 na ugonjwa wake wa kujirudia

Mashine ya kuhesabu seli za CD4, zile za kinga zinazoshambuliwa na VVU, ikigoma mara ya tatu kwa tatizo lile lile, lawama hutua pawili: mashine ni dhaifu, au mtaalamu wa maabara hajui kuitumia. Katika mkoa kama Tabora, ambako kipuri husafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, lawama hizo hutolewa haraka kwa sababu kumsubiri fundi kunachosha. Naona zote mbili zimekosa shabaha. Hitilafu inayojirudia mara nyingi haianzii pale inapoonekana, na ndiyo maana haiponi kwa kutengeneza pale inapoonekana.

Tazama kinachofanyika ndani. Damu iliyochanganywa na vitendanishi vinavyong'aa hufyonzwa kwa sindano nyembamba, kisha hupitishwa kwenye mkondo mwembamba, seli moja nyuma ya nyingine, mbele ya mwanga wa leza. Vihisio husoma mwanga unaorudi na kuzitambua zile za CD4. Mashine za utafiti, za ukoo ulioanzishwa Marekani katika miaka ya 1960 na Mack Fulwyler na kuendelezwa na Leonard Herzenberg wa Chuo Kikuu cha Stanford, hazihesabu tu: hukata mkondo kuwa matone, huyatia chaji ya umeme na kuyatenga kila moja chomboni mwake. Tundu la mashine hizo huwa na upana wa takriban mikroni 70 hadi 100, sawa na unene wa unywele. Kila mtu huihofia leza. Kinachosumbua siku hadi siku ni maji, mirija na uchafu.

Sasa umeme ukatike katikati ya kazi. Usafishaji wa kufungia siku haufanyiki, maji ya chumvi hubaki mrijani, hukauka usiku kucha, na asubuhi chumvi na mabaki ya damu vimeshaganda penye njia nyembamba kuliko zote. Fundi akifika huzibua, huandika "mrija umeziba" kwenye daftari la mashine, huyo anaondoka. Juma linalofuata umeme unakatika tena. Daftari litaonyesha ugonjwa wa mrija, ilhali mgonjwa ni betri ya UPS, ile ya kuishikilia mashine umeme ukikatika, iliyokufa chini ya meza. Ndivyo ilivyo pia kwa vumbi la kiangazi: huziba chujio la feni, joto hupanda ndani, na anayelaumiwa ni leza.

Ushahidi wa nje unaelekea huko huko. Mwaka 2010 Robert Malkin na mwenzake walichapisha uchambuzi wa maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali 60 za nchi 11 zenye uhaba wa rasilimali. Walikadiria kwamba 66% ya vifaa vilivyolala vingeweza kurudishwa kazini kwa ujuzi wa msingi tu wa umeme, mabomba na ufundi mdogo mdogo.

Mashine iliyozimika kabisa, kwa kweli, ndiyo yenye nafuu. Ya kuogopwa ni ile inayoendelea kutoa namba. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke, waliofika Kaze, Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857 wakiifuata njia ya misafara, waliharibikiwa na saa zao za kupimia longitudo, lakini kipimajoto chao kiliendelea "kufanya kazi". Kwa kupima nacho joto la maji yanayochemka, ambalo hushuka kadiri unavyopanda juu, waliliweka Ziwa Tanganyika kwenye takriban futi 1,850 juu ya usawa wa bahari, wakati kimo chake ni kama futi 2,500. Maabara nayo ina hatari hiyo. Kwa mashine zinazohesabu kwa ujazo, kiputo cha hewa kikikaa mahali pa damu, hesabu hushuka, na jibu hutoka limechapwa vizuri kabisa. Bila sampuli ya udhibiti ubora kila asubuhi, hakuna atakayeshtuka.

Wapo watakaosema CD4 imepitwa na wakati, kwa kuwa tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri hesabu hiyo. Ni kweli kwa kuanza dawa, si kwa kumtambua mtu mzima aliye chini ya 200, anayehitaji kuchunguzwa haraka kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi. Wengine watasema sampuli zisafirishwe. Zisafirishwe, ila damu hiyo kwa kawaida hupimwa ndani ya saa 48, na barabara ya masika haiheshimu saa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mkataba: wakala wa mtengenezaji hukataza mikono mingine ndani ya mashine. Kwa upande wa leza na vihisio, ana haki. Lakini kubadilisha chujio, kupima betri na kuandika saa umeme ulipokatika kando ya kila hitilafu si kufungua mashine, na fundi wa vifaa tiba wa mkoa anaweza kuyafanya hayo kabla wakala hajapokea simu.