Profesa Muyembe na Vita vya Ebola Nchini Kongo

Askari anayelinda mpaka hufundishwa kumtambua adui kwa sare yake, silaha yake na nyayo zake. Lakini yuko adui avukaye mpaka bila sare wala hati, akaingia kambini ndani ya mwili wa mtu tunayempa mkono. Katika nchi jirani ya Kongo, mtu aliyemwandama adui huyo kwa zaidi ya miaka arobaini ni Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum.

Muyembe alizaliwa mwaka 1942. Alisomea udaktari Kinshasa, kisha elimu ya virusi huko Leuven, Ubelgiji. Mwaka 1976, nchi yake ikiitwa Zaire, alitumwa Yambuku, penye hospitali ya misheni, ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Aliwatoa wagonjwa damu bila glavu, akaona tundu la sindano linaendelea kuvuja. Kinga yake ilikuwa maji na sabuni. Alimshawishi mtawa mmoja mwenye homa wasafiri pamoja hadi Kinshasa. Mtawa huyo alifariki, na damu yake ikapelekwa Ubelgiji kuchunguzwa. Humo kilionekana kirusi kipya, kikapewa jina la mto Ebola.

Chanzo cha maafa ya Yambuku kilikuwa uzembe ambao ungeweza kuzuilika. Kila asubuhi hospitali ilitoa mabomba matano ya sindano, yakatumika kwa mgonjwa baada ya mgonjwa bila kuchemshwa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Kwa jumla waliugua watu 318, wakafa 280.

Mwaka 1995 Ebola ilizuka tena, safari hii katika mji wa Kikwit. Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, na saba kati yao wakaishi. Wataalamu wengi wa nje walisita kuamini, kwa kuwa idadi ilikuwa ndogo. Lakini fikra ile haikufa. Kutokana na damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti walipata kingamwili iliyogeuzwa kuwa dawa. Dawa hiyo ilijaribiwa Kongo kuanzia mwaka 2018, pamoja na nyingine tatu. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa hiyo na moja kati ya hizo nyingine ziliokoa maisha zaidi, hasa kwa wagonjwa waliokuwa bado na virusi vichache mwilini. Ugonjwa uliohesabiwa kuwa hauna dawa ukawa unatibika.

Hata hivyo, dawa peke yake haikutosha. Katika mlipuko wa mashariki ya Kongo, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, walikufa watu zaidi ya 2,200, ijapokuwa chanjo ilikuwapo. Eneo lile lilijaa vikundi vyenye silaha, na vituo vya matibabu vilishambuliwa na kuchomwa moto. Ilibidi askari wawalinde waganga. Lakini mwananchi aliyezoea kuona bunduki ikimletea msiba, alipomwona mganga akifuatana na bunduki, alikimbia au akamficha mgonjwa wake ndani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Na hapo kifo kiliumbua nyumba nzima. Muyembe, aliyekabidhiwa uongozi wa mapambano hayo Julai 2019, alisisitiza kwamba wenyeji washirikishwe na waelezwe kwa lugha yao.

Jambo hili linatugusa sisi majirani. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano alivuka na jamaa zake kutoka Kongo hadi wilaya ya Kasese, Uganda, akiwa na Ebola, akafa. Ugonjwa haukuenea Uganda. Wauguzi walikuwa wamekwisha kufunzwa na kuchanjwa, mgonjwa akatambuliwa mapema, na waliomgusa wakafuatiliwa.

Kwa hiyo, askari anayesimama kizuizini karibu na mganga mwenye kipimajoto ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuulinda mlango. Ya pili ni kumfanya mwenye homa asiogope kuupitia. Kwani akitishwa atatafuta njia ya porini, na huko hakuna mganga wala kipimajoto. Muyembe alianza na maji na sabuni. Askari naye anaweza kuanza na salamu.