Cagney & Lacey: Nani Huamua Sura ya Mwanamke katika Tamthilia?

Uhakiki wa kifeministi wa tamthilia za televisheni, yaani uchambuzi unaochunguza jinsi wanawake wanavyosawiriwa na mamlaka yanayoamua usawiri huo, ulitilia mkazo tangu mapema suala la idadi: ni wanawake wangapi wanaoonekana, na wamepewa kazi gani. Mwaka 1978 mwanasosiolojia wa Marekani, Gaye Tuchman, alieleza kwamba vyombo vya habari vya nchi yake viliwafuta wanawake ama kwa kutowaonyesha kabisa, ama kwa kuwalaumu, ama kwa kuyafanya mambo yao yaonekane madogo. Hesabu hiyo ni ya lazima, ila haimtaji anayeamua, na ndiyo maana historia ya tamthilia ya Cagney & Lacey ina uzito wa pekee.

Barbara Avedon na Barbara Corday waliandika kisa hicho cha askari polisi wawili wanawake wa New York katika miaka ya 1970, wakikusudia filamu ya sinema, kwa kuwa urafiki wa wanaume wawili kazini ulikuwa umekwisha kuonyeshwa mara nyingi ilhali wa wanawake haukuonekana. Kampuni za filamu zilikataa. Shirika la CBS lilikirusha kama filamu ya televisheni mwaka 1981, na Machi 1982 kikawa tamthilia ya mfululizo, Tyne Daly akiigiza Mary Beth Lacey, mke na mama, na Meg Foster akiigiza Christine Cagney, ambaye hajaolewa. Baada ya vipindi vichache Foster aliondolewa. Ofisa wa CBS ambaye hakutajwa jina aliliambia jarida la TV Guide kwamba wahusika hao walikuwa wakali mno na wapiganiaji mno wa ukombozi wa wanawake. Nafasi ya Foster alipewa Sharon Gless.

Mtafiti Julie D'Acci, katika kitabu chake cha mwaka 1994, anaonyesha kwamba mabadiliko hayakuishia kwa mwigizaji, kwani Cagney mpya alivishwa mavazi ya gharama zaidi na kupewa asili ya kitajiri upande wa mama. Ni jambo la kutafakariwa kwamba aliyerekebishwa ni yule asiye na mume, wala si Lacey, ambaye ndoa yake ilimhakikishia mtazamaji kwamba bunduki haikumwondolea uke.

CBS iliisitisha tamthilia hiyo mwaka 1983, lakini barua nyingi za watazamaji, pamoja na tuzo ya Emmy aliyoipata Daly, zilisaidia kuirejesha mwaka 1984. Kwa miaka sita mfululizo, tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia ilikwenda kwa Daly au Gless. Baadaye Cagney alionyeshwa akizama katika ulevi, na hapo uhakiki unakabiliwa na swali gumu: je, huyo ni mwanamke aliyepewa hatimaye udhaifu kamili wa kibinadamu, kama walivyopewa mashujaa wengi wa kiume kabla yake, au ni mwanamke anayeadhibiwa kwa kuishi peke yake?